Msomaji wa Vibati

Msimamizi wa kota zetu pale Kasese alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko maneno yote: "Geuza." Aliingia nyumbani kwa mtu bila kubisha sawasawa, kidole kimoja mlangoni na mguu tayari ndani, akaangaza macho mezani, akaona pasi au birika la umeme au redio, akasema, "Geuza." Ukigeuza, aliinama, akachomoa tochi mfukoni hata kama ni saa saba mchana na jua la Kasese linachoma mabati, akamulika kile kibati kidogo ambacho kiwanda hukipigilia mgongoni au chini ya chombo, akasoma namba ya wati. Kisha akasimama wima na kukutazama kama daktari aliyekukuta na ugonjwa wa aibu.

Mimi nilizaliwa kambini. Baba yangu alikuwa askari, mume wangu alikuwa polisi, na Kiswahili ndiyo lugha niliyonyonya nayo. Watu wenye cheo kidogo na sauti kubwa nimewaona wengi, na wengi wao niliwaogopa. Huyu sikumwogopa hata siku moja. Nilimdharau. Dharau hiyo niliitunza kwa uangalifu miaka mingi, kama wanawake wengine wanavyotunza vyombo vya wageni.

Kota zenyewe zilikuwa nyumba kumi na mbili katika mistari miwili, chini ya barabara ya kwenda mgodini. Asubuhi, mawingu yakiwa bado hayajapanda, tuliona theluji ya mlima, na kufika saa nne tulikuwa tunatafuta kivuli. Tulikaa humo mapolisi, makarani, wauguzi na sisi walimu wawili watatu, watu wa Teso, wa Acholi, wa Arua, wa Buganda, na Wakonzo wenyewe wa hapo. Umeme ulikuja kwa waya mmoja, ukapita kwenye mita moja iliyofungwa ukutani kwa Msimamizi, ndipo ukagawanyika kwetu sote. Idara iliyotupangia nyumba ndiyo iliyoulipia. Miaka ya sitini ilipokuwa inaelekea ukingoni, idara ililalamika kwamba kota zinakula umeme mwingi mno, ikamwagiza Msimamizi apunguze. Shida ilianzia hapo. Walimpa mtu yule kazi ya kufikiri.

Alikuwa mfupi, mwenye kifua cha jogoo, shati jeupe lenye kalamu mbili mfukoni ambazo sikuwahi kuziona zikiandika. Alivaa miwani akiwa anakagua na kuivua akiwa anasoma Biblia, jambo ambalo kila mtu alilitafsiri alivyoweza. Hakutuita kwa majina. Mume wangu alikuwa Namba Saba, mimi Mama Namba Saba, na watoto wetu walikuwa "hao wa Saba". Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu juu, cha kujifunzia ukubwani, na hilo silicheki, maana wengi wetu ndivyo tulivyosema. Nilichokicheka ni namna alivyokitumia kama filimbi.

"Hii kitu inakula sana," alisema kila mahali. "Stima ya serikali si maji ya mvua."

Alikuwa na misemo. Mkubwa wake ulikuwa huu: "Namba haina ndugu." Maana yake ni kwamba hakumpendelea mtu, alisoma kibati tu na kibati kikahukumu. Chombo kikiandikwa wati nyingi, kilipigwa marufuku. Kikiandikwa wati chache, kiliruhusiwa, na mwenyewe akasifiwa hadharani kama mtoto aliyemaliza uji. Birika la umeme la Mama Akello, mke wa karani aliyekuwa jirani yangu, lilikuwa la wati elfu mbili. Lilichemsha chai ya watu sita kabla hujamaliza kuosha vikombe, kisha likazimwa hadi kesho yake. Msimamizi alilifunga kwa kamba ya katani na kuliweka juu ya kabati lake, akasema litakaa pale mpaka idara iseme.

Basi nilimfuata. Kaka yangu alikuwa fundi wa umeme mgodini, naye alikuwa amenieleza mambo haya kwa maneno ya jikoni, nami nikafikiri maneno ya jikoni yatamfaa pia Msimamizi.

"Msimamizi," nikamwambia, "hiyo namba inasema chombo kinakula kwa kasi gani. Haisemi kimekula kiasi gani. Hilo hulijui mpaka ujue kimewaka kwa muda gani."

"Mwalimu, namba ni namba."

"Sikiliza. Mtu akawasha gogo, akachemsha chai, akalizima. Jirani yake akaweka kijiti juu ya kijiti tangu alfajiri mpaka watu wanalala. Nani atarudi porini kwanza kutafuta kuni?"

Alifikiri. Nakumbuka alifikiri kweli, uso ukakunjamana, nami kwa muda nikawa na matumaini. Kisha akasema, "Kupikia kuni ndani ya kota imekatazwa."

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Cha kuudhi ni kwamba kijiti juu ya kijiti vilikuwa vinawaka nyumbani kwake yeye mwenyewe. Aliweka taa nje pande zote za nyumba yake, zikawaka usiku na mchana, kwa sababu kila moja kibati chake kilisema wati sitini na sitini si kitu. Tena alikuwa na friji. Ilikuwa friji ya pekee katika mstari wetu, kuukuu, mpira wa mlango umechanika, mlango haufungi sawasawa, umeegemezwa na kigoda. Maji yalichuruzika sakafuni. Mashine yake iliguna mchana kutwa na usiku kucha kama ng'ombe mwenye uchungu wa kuzaa, haipumziki, kwa sababu ilikuwa inajaribu kupoza Kasese nzima kupitia ule mwanya. Ndani mlikuwa na chupa ya maji na vipande vya samaki wa Kahendero. Alinionyesha kibati chake kwa fahari.

"Mia moja na ishirini tu, Mwalimu. Kama taa mbili. Hii ni chombo ya mtu mwenye akili."

Gurudumu la mita lilizunguka pale ukutani, hatua tatu kutoka kwenye ile friji, naye akapita mbele yake kila siku akienda kutukagua. Idara ikalalamika tena. Msimamizi akageuza zaidi. Idara ikalalamika zaidi. Hakuwahi kujiuliza kwa nini marufuku zinaongezeka na mita haipungui. Alihitimisha kwamba sisi tulikuwa tunaficha vyombo, akaanza kuchungulia chini ya vitanda.

Watoto walimgeuza mchezo. Mmoja alijifanya Msimamizi, wengine wakalala kifudifudi mchangani, naye akapita akimulika migongo yao kwa kibiriti kitupu na kutangaza namba. "Wewe elfu moja, umekatazwa. Wewe arobaini, endelea." Siku moja mwenyewe aliwakuta. Nilikuwa dirishani nikangoja awafukuze. Akasimama akawatazama, kisha akasema, "Vizuri. Mtoto ajifunze mapema," akaenda zake amefurahi. Dhihaka haikumfika. Ingekuwa mvua, angetoka mkavu.

Halafu aliuogopa umeme. Mtu aliyekuwa akitutawala kwa umeme hakuweza kugusa swichi kwa mkono mtupu. Alivaa kandambili za mpira ndani ya nyumba yake, akawasha na kuzima kwa mwiko wa kusongea ugali. Fyuzi ikiungua alimwita muuguzi wa nyumba ya mwisho aje abadilishe, yeye akasimama uani, mbali, akitoa amri: "Polepole. Polepole. Angalia mkono." Taa zikirudi alisema, "Tumefaulu."

Nataka niwe mkweli, kwa hiyo nitasema na hili. Mke wake alikuwa mgonjwa wa nyonga, anatembea kwa taabu, na yule bwana alimchotea maji mwenyewe. Kila asubuhi alipita mbele yetu sote na ndoo kichwani, kalamu zake mbili mfukoni, na wanaume wakamcheka, kwani siku zile mwanamume na ndoo kichwani ilikuwa kama mwanamume aliyevaa gomesi, gauni la heshima la wanawake. Hakujali. Alimfulia pia. Niliona hayo kwa macho yangu na sikupenda kuyaona, kwa sababu yalikuwa yananiharibia.

Kwa bahati njema hakuchelewa kunirudishia dharau yangu. Jeshi lilipochukua nchi, nyumba namba moja ilipewa afande mmoja mwenye nyota begani, na mke wake akaja na jiko la umeme refu kufika kifuani, lenye matundu manne juu na tanuri chini. Liliposhushwa kwenye lori taa zetu zote zilikuwa kama zimeshaanza kufifia kwa woga. Sisi wanawake tulitoka tukasimama barazani kuona. Msimamizi akaja na tochi. Akainama nyuma ya jiko. Akakaa kule kwa muda mrefu, kisha akajitokeza.

"Iko namna gani?" mke wa afande akamuuliza.

"Hii ni ya kizungu, mama," akasema. "Haili sana. Kazi ya wazungu ni safi."

Mama Akello, ambaye birika lake lilikuwa bado limefungwa kwa katani juu ya kabati la mtu yule, alikohoa. Msimamizi hakugeuka. Kumbe namba ilikuwa na ndugu, na ndugu zake walivaa nyota.

Sasa nifike kwa Mama Kavira, maana bila yeye mtu huyu angekuwa kichekesho tu, nami ningekuwa nimeshamsahau.

Mama Kavira alikuwa Mkongo wa Butembo. Kavira ndilo jina lake mwenyewe. Alivuka mpaka wakati wa vita vya kwao akiwa na binti zake wawili, mume amebaki huko na hakujulikana kama yu hai. Aliishi katika chumba kidogo nyuma ya nyumba yetu, kile ambacho kilijengwa kwa ajili ya mtumishi, na sisi hatukuwa na mtumishi. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, Mkatoliki wa kusali rozari akiwa anafanya kazi. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi sare za polisi na wanajeshi. Alikuwa na pasi ya umeme, nzito, aliyopewa na masista aliowafanyia kazi kule Kongo, na kwa pasi hiyo aliwalisha watoto. Askari walipenda mikunjo yake. Mkunjo wa suruali iliyopita mikononi mwa Mama Kavira ulisimama kama wembe.

Siku moja nilikuwa nimekaa naye mlangoni pake nikisahihisha madaftari ya wanafunzi, Msimamizi akatokea.

"Geuza."

"Iko moto, Msimamizi," Mama Kavira akasema.

"Nimesema geuza."

Akaigeuza akaisimamisha. Msimamizi akamulika. Kibati kilikuwa cha Kifaransa, na hilo lilimkasirisha kwanza.

"Hii lugha inaficha kitu," akasema. Kisha akaiona namba, maana namba haina Kifaransa. "Elfu moja. Unajua elfu moja ni nini? Ni taa kumi na sita. Wewe moja tu, mtu ya kukaribishwa, unakula taa kumi na sita."

"Miye natumika nayo kidogo tu. Ikipata moto, nachomoa. Napiga mashati mbili, tatu, na ile moto yake. Kiisha narudisha tena."

"Ni kweli," nikasema. "Nimemwona. Inakaa imechomolewa kuliko kuchomekwa."

"Mwalimu, wewe fundisha shule."

Akatoa leso, akauzungusha waya wa pasi kwenye leso ili mkono wake usiguse kitu, akaondoka nayo ingali ya moto. Mama Kavira alisimama na shati la koplo mkononi. Hakulia wala hakulalamika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, idara itasema lini?" Nikamwambia sijui. Nilijua vizuri kwamba idara haitasema kitu, kwa kuwa haikuwa na habari.

Hakuiba. Watu wa aina yake hawaibi, wanachukua kwa cheo, na usingizi wao ni mtamu. Lakini Jumapili iliyofuata gauni la mke wake lilikuja kanisani na marinda yaliyopangwa moja moja kama kurasa, na shati lake jeupe likawa na mkunjo mabegani ambao sote tuliutambua. Nilikaa nyuma yao ibada nzima nikiutazama mkunjo ule. Sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Mama Kavira akarudia pasi ya mkaa. Kwa sare za kawaida haikuwa mbaya. Lakini pasi ya mkaa inahitaji kupepewa, na ukipepea, cheche hutoka. Cheche moja iliruka ikatua kwenye mkono wa shati la sajenti, shati la gwaride, ikaacha tundu la ukubwa wa punje ya mahindi.

Nilikuwa shuleni walipokuja. Niliporudi nilikuta watoto wake wawili kwangu, na Mama Akello amesimama mlangoni.

"Wamemchukua," akaniambia. "Sajenti na wengine wawili. Wameenda naye kambini."

"Kwa shati?"

"Kwa shati. Aliwaeleza. Alisema pasi yake ya stima ilichukuliwa, ndiyo sababu. Sajenti akauliza nani alichukua. Msimamizi alikuwa hapo, Mwalimu, karibu kama wewe na mimi. Akasema, 'Hapa hakuna pasi ya stima, afande. Zote zilikatazwa. Huyu mama anaongopa.'"

"Alisema anaongopa?"

"Alisema anaongopa. Ndipo wakampiga kofi la kwanza."

Mama Kavira alirudi kesho yake jioni. Alikuja akishika ua wa michongoma, kwa sababu nyayo zake hazikuweza kukanyaga. Walikuwa wamempiga nyayo. Tulimkalisha, tukamwekea maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Mume wangu, ambaye alikuwa polisi na alijua vizuri mambo ya kambini, alitoka nje akakaa gizani peke yake, na sikumwita. Mama Kavira hakusema walimfanyia nini kingine, nasi hatukumuuliza. Alisema tu kwamba shati lile angeliweza kulitia kiraka kisionekane, kama wangempa nafasi.

Mimi nilienda kwa Msimamizi. Nilimkuta anakula. Friji inaguna.

"Ungesema pasi iko kwako," nikamwambia. "Maneno matatu."

Aliweka tonge chini. "Mwalimu, kama ningesema, wangeuliza kwa nini niliichukua."

"Ndiyo. Wangeuliza."

"Ningejibu nini?"

"Ungewaambia kibati kinasema elfu moja. Si ndivyo unavyotuambia sisi?"

Macho yake yalikwenda chumbani, mahali mke wake alipokuwa amelala, yakarudi. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Wale hawasomi kibati."

Hilo ndilo jambo la akili pekee alilowahi kulisema mbele yangu, na alilisema akiwa amechelewa siku moja na nusu. Nikaiona pasi juu ya kabati, karibu na birika la Mama Akello. Nikavuta kiti, nikapanda, nikavichukua vyote viwili. Hakunizuia. Kabla ya wiki kwisha Mama Kavira aliweka pasi yake ndani ya beseni, akafunga vitu vyake, akapanda lori la chumvi na binti zake kwenda Bwera, karibu na mpaka, ambako Wakongo wenzake walikuwa wengi. Bwera siku zile haikuwa na umeme. Alisema ataiuza ng'ambo.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mtu yule alishuka. Alipanda. Wahindi walipoamriwa kuondoka nchini, maduka ya Kasese yaligawiwa watu ambao jana yake walikuwa wateja, na wengine hata wateja hawakuwahi kuwa. Mke wa afande alimkumbuka yule aliyesoma jiko lake kwa heshima. Msimamizi akapewa duka la vyombo vya umeme, kubwa, lenye kioo barabarani. Akavaa koti. Tukaambiwa tumwite Meneja, lakini mimi niliendelea kumwita Msimamizi, usoni pake, nikanunua kwake balbu moja tu ili nipate nafasi ya kumwita hivyo.

Nilikaa pale dukani kama nusu saa nikimsikiliza. Namba kubwa sasa ilikuwa sifa.

"Geuza, mzee, jisomee mwenyewe," alimwambia mteja. "Elfu mbili. Hii ni nguvu. Ile nyingine ya mia saba ni ya wagonjwa."

Alimuuzia karani mmoja hita ya kupashia chumba joto. Kasese. Alimuuzia mfanyabiashara gramafoni iliyotengenezwa kwa nchi ambazo umeme wake ni nusu ya wetu. Kibati kilisema hivyo waziwazi, kwenye mstari wa volti, lakini Msimamizi maisha yake yote alikuwa amesoma mstari mmoja tu. Ilipochomekwa ilitoa moshi kabla ya kutoa wimbo. Mwenyewe akairudisha. Msimamizi akaigeuza, akamulika, akasema, "Wati ni sawa. Makosa ni ya nyumba yako."

Duka liliisha kama sukari kwenye mvua. Kilichouzwa hakikurudishiwa kingine, kwani hakujua vitu vilitoka wapi. Nadhani aliamini maduka huzaa. Wanajeshi walijichukulia walichopenda. Mwishowe aliuza meza, kisha rafu, na siku moja kioo cha barabarani kikawa kimefunikwa kwa magazeti. Watu walisema amekwenda mpakani. Sikuuliza zaidi.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaisha, mume wangu ameshastaafu, shule zikafungwa nami nikapanda lori kwenda Bwera kumwona Mama Kavira. Tulikuwa tukitumiana salamu kwa madereva, lakini hatukuwa tumeonana tangu siku ile ya beseni. Nilimkuta Mpondwe, pale mpakani, sokoni, chini ya turubai lake mwenyewe, anauza vitenge vya Kongo. Amenenepa. Binti mkubwa ameolewa Kisinga, mdogo anasoma kwa masista. Alitembea vizuri, ila mguu mmoja aliuweka chini kwa uangalifu. Tulikumbatiana, akanikalisha juu ya bunda la nguo, akaagiza chai na ndizi za kuchoma.

Malori yalikuwa yamepanga mstari kungoja forodha. Wapagazi walipita na mizigo. Karibu na sisi, juu ya sanduku la mbao, alikaa mzee mmoja mwembamba katika koti lililomzidi, na watu wa kutoa mizigo forodhani walimletea redio na vyombo awasomee yaliyoandikwa nyuma, wakampa sigara. Nilisikia sauti kabla sijautazama uso.

"Geuza," alikuwa akisema.

Chai ikanishinda. Naye akaniona. Akainuka, akaja polepole hadi penye turubai, akiwa amechangamka kabisa.

"Mama Namba Saba," akasema. "Bado unafundisha?"

"Bado."

"Na mzee?"

"Amestaafu."

"Mimi, mke wangu alifariki. Mwaka wa pili huu."

"Pole," nikasema, nayo ilitoka mdomoni tu.

"Wakati wetu kota ilikuwa na nidhamu," akasema. "Watu walikuwa wagumu, wewe ulikuwa mgumu sana, lakini nilikuwa nawalinda." Kisha akamgeukia Mama Kavira, akamwomba maji ya kunywa. Alimwita mama tu. Hakumtambua. Mama Kavira akachota kwenye mtungi, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima, akamwambia, "Kunywa, papa." Akanywa yote, akashukuru, akarudi kwenye sanduku lake.

Nilimngoja afike mbali.

"Hukumjua huyo?" nikamuuliza Mama Kavira.

"Ule muzee? Namujua."

"Ni Msimamizi. Wa kota."

"Ndiyo, ni ule wa pasi. Anapitaka hapa kila siku." Alikuwa anakunja kitenge, kidevu kimeshika ncha moja. "Yeye hanijue. Iko muzuri."

"Na unampa maji."

"Iko na kiu."

"Mama Kavira, mtu yule alikuita mwongo mbele ya askari. Kwa ajili yake..."

Alikishusha kitenge mapajani, akanitazama kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

"Mwalimu, balionipiga balikuwa batatu. Sura zao ninazo mupaka leo. Ile usiku ninayo. Na bwana yangu, sijue kama alizikwa. Ni bitu bikubwa, binanitosha." Akainua kidevu kuelekea kwenye sanduku. "Ule ni mutu mudogo tu. Nitamuweka wapi?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nimemdharau mtu yule kwa niaba yake, usiku na mchana, na kumbe hakuna aliyenituma. Pale kwenye sanduku Msimamizi alikuwa ameinama juu ya mgongo wa redio, macho karibu yaguse bati. Nilijaribu kumtazama kama alivyotazamwa na Mama Kavira. Sikuweza.

Mama Kavira akafungua vitenge viwili magotini pangu, akavinyoosha kwa kiganja, akaniuliza ninataka cha bluu au cha njano.